Nilimwambia bosi "tatizo ni mtumiaji", kumbe VLAN nimeikosea mwenyewe

Wakuu, mwangaluka. Niko Bariadi, chai ipo mezani. Hili limenitokea mimi mwenyewe na sitaongeza chumvi, maana hata bila chumvi linaniaibisha vya kutosha.

Mimi ni IT wa hospitali moja huku Simiyu. Kwetu Tanga, huku nimepangiwa kazi, na nilikuja na kichwa kikubwa. Cheti changu cha network ndiyo profile picture ya WhatsApp, kwa hiyo mnaelewa mnaongea na nani.

Switch ya maabara, kile kiboksi kinachogawa mtandao kwa kompyuta, ikafa. Ilikuwa ile ya kuchomeka tu inafanya kazi. Nikaomba ya kisasa, ikaletwa.

Kwa wasiojua, VLAN ni kugawa mtandao mmoja kwa namba, kila idara na yake. Maabara nikawapa 20. Wakati naset, screen ikawa inajaa ujumbe wa onyo, unarudia ule ule. Ukanikera, nikauzima bila kuusoma.

Nikatest kwenye kompyuta ya mapokezi ya maabara, mtandao safi. Nikaenda kula.

Tangu siku hiyo majibu ya vipimo yakawa hayaonekani kwa madaktari. Anayeyaingiza ni dada Minza, mtu wa Nkoma, yuko kwa mkataba. Akawa anayaandika kwenye karatasi na kuyapeleka wodini kwa miguu, jua lote hili. Yakawa yanachelewa, madaktari wakalalamika.

Akanifuata. "Mdogo wangu, tangu uweke kile kiboksi, kompyuta yangu haipeleki kitu."

Nikamuuliza kama amejaribu kuizima na kuiwasha. Nilimuuliza hivyo nikiwa sina hata aibu.

Mganga mfawidhi akaniita. Nikampeleka mapokezi, nikamwonyesha mtandao unavyokimbia. "Mtandao uko vizuri, bosi. Tatizo ni mtumiaji."

Kesho yake Minza akapewa barua ya kujieleza kwa nini anakwamisha mfumo. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huo huo, na kila mtu alijua barua ya namna hiyo ikikaa kwenye faili, mkataba hauongezwi.

Nilimkuta anaisoma, anairudia. Roho ikaniuma. Lakini niwe mkweli, nilirudi kwenye switch kutafuta ushahidi kwamba sijakosea.

Nikawasha ule ujumbe. Haikupita dakika: VLAN za pande mbili za waya hazifanani. Kwenye switch kuu, waya wa maabara ulikuwa umesetiwa 20 tangu enzi ya ile ya zamani. Upande wangu nimeuacha 1, namba inayotoka nayo kiwandani. Kwa hiyo data ya kumrudia Minza ilikuwa inafika maabara na kuangukia kwenye 1, yeye yuko 20, haimpati.

Na mapokezi je? Kompyuta yao nilisahau kuiset, ikabaki kwenye 1. Yaani maabara nzima, kilichofanya kazi ni kile ambacho mtaalamu hakukigusa.

Kurekebisha ilikuwa mstari mmoja. Kwenda kwa mfawidhi ndiyo ilinichukua asubuhi nzima.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaifuta barua ya Minza, halafu akanipa yangu. Maneno yale yale, wamebadilisha jina tu.

Mkataba wa Minza umeongezwa. Mimi nina siku saba za kujibu.

Nilichojifunza: mtu akikwambia kimeharibika tangu ulipogusa, anza na ulichogusa. Na onyo lisome kwanza ndipo ulizime.

Jana nilimpelekea Minza rasimu ya majibu yangu anisaidie, maana yeye ana uzoefu. Akasoma, akachukua kalamu.

"Hapa umeandika 'hitilafu ilitokea'. Futa. Andika 'nilikosea'."

Bado naiangalia hiyo sentensi. Ma-IT wenzangu, nani hapa alishawahi kuiandika? Semeni ukweli kwenye comment, leo sina ubavu wa kumcheka mtu.