Asante ya Nélida

Chai yetu hapa Córdoba inaitwa mate, na kweli tunanyweshana mate: kibuyu kimoja, mrija mmoja, duara zima, na mwenye birika mmoja wa kumimina. Ukirudisha kibuyu ukasema "asante," umetosheka. Hupewi tena.

Jirani yangu Nélida Oviedo alikuwa fundi wa maabara hospitalini, akiandaa dawa ya mionzi kwa wagonjwa wa tezi ya shingo. Alifanya kazi nyuma ya kinga ya madini ya risasi, glavu mbili, dawa akiishika kwa koleo refu. Hata tone la maji hanywi mle ndani, na hatoki kabla ya kupitisha kipimo cha mionzi mikononi na viatuni. Mwangalifu kama yeye sijamwona.

Lakini kibuyu kikitoka kwake, anayefuata husema "asante" upesi, bila kunywa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini hawa hata nyoka hawajamwona! Mimi vidonda vya tumbo vilikwisha kunitoa kwenye duara, nikabaki kutazama. Walijitoa mmoja mmoja, akabaki dada yake, Herminia. Jumapili moja naye akasema "asante." Hiyo ndiyo iliyomchoma Nélida, maana ndugu mwingine hana.

Jumapili iliyofuata akaja na kipimo, ameomba ruhusa kazini kukiazima.

"Sikia mwenyewe, dada. Mimi ni mzima, na kibuyu kizima."

Akakisogeza kwenye mrija. Tik... tik.

"Yesu wangu! Si kinalia hicho!"

"Kinalia kila mahali, we mwanamke! Ukutani kinalia, kwenye mawe kinalia. Mionzi kidogo ipo duniani tangu hatujazaliwa. Ona." Akakielekeza kifuani pa dada yake. Tik... tik, vilevile.

Nilidhani sasa watacheka. Herminia akarudi nyuma, mikono kifuani.

"Umeniambukiza, Nélida! Mimi dada yako, umeniambukiza!"

Akachukua mkoba wake akatoka. Nilitamani kumkimbilia nimzabe kofi.

Nélida alizima kipimo. Akamimina maji ya moto kwenye kibuyu, akanywa mpaka mrija ukakoroma. Kisha akanyoosha mkono kukirudisha kwa mwenye birika, kama tulivyozoea, na birika lilikuwa mbele yake mwenyewe.

"Asante," akasema, akaenda kumwaga majani.