Nguzo Nane Nilizomwonyesha Baba Mkubwa

Nguzo ya zamani ikilowa mvua hutoa harufu ya moshi wa miaka mingi, na chini ya moshi huo kijiharufu cha mbuzi. Harufu hiyo ilijaa uani kwetu, kijijini Zuzu, mwaka aliofariki baba, kwa sababu tembe letu, nyumba ya udongo yenye paa bapa, lilikuwa limebomolewa na nguzo zake zote zimelazwa nje, nyeusi tii kwa masizi. Maji yalikuwa yameula ukuta wa nyuma, na mama akaamua nyumba ihamie juu kidogo, mahali pasipotuama maji. Kwetu tembe halikuachwa lioze. Watu wakihama walishusha udongo wa paa, wakang'oa nguzo moja moja, wakazibeba kwenda kuanza upya. Nyingine kati ya zile zilikuwa zimeshika paa la babu yake baba. Mama alizishusha mwenyewe, kitambaa cha msiba kikiwa bado kichwani, na mimi, mtoto wa miaka kumi, nikishika upande wa pili. Usiku tulilala jikoni kwa jirani, tukiombea mvua kubwa isitukute bila paa.

Baba alikuwa fundi wa matembe, na kwa kuwa sikuwa na kaka, alinifundisha mimi. Masizi hufanya nguzo zote zifanane, alisema, kwa hiyo usiyaamini macho. Mpingo hauguswi na mchwa, lakini mara nyingi umejipinda na una mafundo, hautamaniki. Mgunga unaweza kuwa mnene na kunyooka vizuri, kumbe ndani mchwa wameshaula wakabakiza ganda. Dawa yake ni kugonga kwa jiwe na kusikiliza. Mpingo unalia kama chuma. Mgunga ulioliwa unatoa sauti butu, kama kibuyu chenye pumba. Nilizigonga nguzo zetu zote wiki ile, moja baada ya nyingine, na nilizijua kama ninavyowajua ndugu zangu.

Baba mkubwa Yoramu, kaka yake baba, alizaliwa chini ya nguzo hizo hizo, ila aliondoka mapema akaenda mjini na hakutaka tena kukumbushwa. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zikiwa zimefunguliwa na maduka yakianza kujaa vitu, naye akafungua duka la saruji, mabati na misumari karibu na soko la Dodoma. Nyumba yetu aliiita kichuguu. Msibani alisimama mbele ya watu akasema mjane wa mdogo wake sasa ajenge nyumba ya watu, ya tofali za saruji, kisha akaondoka bila kutuachia hata mfuko mmoja. Akarudi baada ya arobaini, na lori na wapakiaji wawili. Duka lake lilikuwa bondeni, maji yakiingia kila masika, naye alitaka kujenga dari imara ili saruji ikae juu. Mbao mpya za mjini zilikuwa mbichi, zinapinda. Akakumbuka kichuguu.

"Shemeji, nguzo ni za ukoo," alimwambia mama. "Mwanamke anakuja na anaweza kuondoka."

Mama alimwambia kwamba bila nguzo hizo watoto hawatakuwa na nyumba mvua kubwa ikianza. Akajibu kwamba atachukua nane tu, zile za mpingo, na kwamba mama asimfanye aite wazee. Alipomuuliza ni zipi, mama akatazama miguu yake mwenyewe. Baba mkubwa akanigeukia mimi, akatoa mfukoni pakiti ya biskuti. "Damari, mwanangu, najua baba yako alikufundisha. Nionyeshe za mpingo." Sitapamba maneno: nilimchukia. Nilichukia viatu vyake, nilichukia alivyolitaja jina la baba kana kwamba alikuwa analikopa. Wazee wa ukoo wenyewe, hata aliyelewa pombe, wangegonga kwanza. Yeye aliyakana maisha ya tembe mpaka akasahau kugonga. Nikatembea taratibu katikati ya zile nguzo, nikanyoosha kidole kwenye nane nzuri kuliko zote kwa macho, nene, zilizonyooka, na tupu ndani. Wapakiaji walifurahi zilivyokuwa nyepesi, wakazipakia haraka. Biskuti nilizila zote. Jioni ile mama alinimegea ugali mwingi kuliko siku zote.

Miezi miwili baadaye nilitumwa mjini, nikapita dukani kusalimia. Dari ilikuwa imekamilika, nguzo zetu zimelala ukuta hadi ukuta, mifuko ya saruji imepangwa juu mpaka karibu na bati. Chini yake, kwenye benchi, alikaa Loi, binti yake baba mkubwa, rika langu, anafanya hesabu za shule. Unga mweupe wa mti ulikuwa unadondoka kidogo kidogo kutoka kwenye nguzo za darini hadi kwenye daftari lake, naye akawa anaupuliza na kuendelea kuandika. Tulicheka, akanionyesha viatu vyake vipya. Nikamwamkia baba mkubwa shikamoo, nikarudi Zuzu.

Dari ilianguka alasiri moja ya masika, maji yakiwa yamefika magotini mle dukani. Loi alikuwa ametumwa chumvi, hakuwemo. Mifuko yote ilishuka majini, na baada ya siku chache saruji ikawa mawe yenye umbo la mfuko. Baba mkubwa akamlaumu fundi, akamfukuza kwa matusi. Habari zilinikuta kisimani, nikacheka mpaka ndoo ikamwagika. Mama hakucheka. Alivaa kanga yake safi, akaenda mjini kumpa pole, na kwa adabu zote akasema, "Shemeji, kama mawe haya yanakusumbua, sisi tutayaondoa." Baba mkubwa alishukuru! Alitupatia hata lori, lile lile lililochukua nguzo zetu. Tulikuwa bado tunalala jikoni kwa jirani; tukayapanga mawe yale msingi mzima, juu yake tukasimamisha mpingo wetu uliojipinda, na paa tukaezeka mapipa ya lami yaliyopasuliwa, tuliyoyaokota kwa wajenzi wa barabara. Kila asubuhi nilikaa juu ya saruji ya baba mkubwa nikinywa uji, na ulikuwa mtamu. Duka lake halikuinuka tena.

Leo nina yadi Chamwino. Nauza milango, madirisha na nguzo za majumba yaliyobomolewa. Watumishi wa ofisi wanakuja na magari mazuri, wananieleza habari za kutunza misitu na wanataka nguzo zenye historia, watu ambao enzi zile wangepita mbele ya nyumba yetu wakiziba pua. Nawagongea kila mti mbele ya macho yao na nawaambia ukweli. Sijawahi kumdanganya mteja hata mmoja, na jina langu linajulikana mpaka Kondoa.

Mwaka juzi Loi alikuja, anajenga. Baba yake alikuwa ameshafariki. Tulichagua nguzo za chumba cha watoto wake, tukapiga soga, naye akasema marehemu aligundua baadaye kwamba zile nguzo zilikuwa mbovu, lakini alikuwa akisema siku zote, Damari alikuwa mtoto, hakujua. Ningeweza kunyamaza. Lakini miaka yote hiyo nilikuwa na hamu mtu wa nyumba ile ajue ni nani aliyemwangusha baba mkubwa.

"Nilijua," nikamwambia. "Nilimchagulia mbovu kwa makusudi."

Loi akatabasamu kidogo, kwa sababu alimjua baba yake alivyokuwa. Kisha tabasamu likaondoka.

"Na siku ile uliyonikuta nimekaa pale chini?"

Nikamwambia siku ile pia nilijua. Hakugomba. Aliniaga vizuri, akasema atanipigia simu. Kwa baba mkubwa ningerudia kesho asubuhi, na biskuti ningekula tena. Lakini nyumba ya Loi imekwisha sasa, naipita nikienda mjini: tofali mpya, mbao mpya, zote zimetoka kwa watu wengine.