Poda na Jasho la Waziri

Kitindamimba wetu tulimwita Poda tangu alipoanza kazi ya kupaka watu uso kwenye kituo cha televisheni. Miaka ishirini nyuso za wakubwa zilipita mikononi mwake. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kichwa changu hakimwagi kitu, na haya alinisimulia mwenyewe.

Mwaka mmoja mto ulimwingilia nyumbani mara mbili. Waziri alikuja na mabuti ya mpira, akasimama sebuleni mwa Poda, maji magotini, machozi yakimlengalenga. "Mama, hali ya hewa imebadilika. Nitalisema hili kwenye televisheni, na sheria ya moshi wa viwanda naipeleka bungeni pamoja na fedha za kujenga kingo za mto." Kwa ahadi hiyo Poda akakataa kuhama.

Siku ya mdahalo wa televisheni waziri aliketi kwenye kiti cha Poda, kitambaa shingoni. Akaingia mwenye kituo, ambaye pia ana magazeti mawili na kiwanda cha saruji. Hodi hakupiga.

"Ndugu yangu, hali ya hewa waachie watabiri," akasema akicheka. "Uchaguzi huo unakuja. Nataka sura yako iendelee kuonekana."

"Nimeshawaahidi watu, mzee."

"Watu watakuona wapi, kama si kwangu?"

Poda akaendelea kupaka. Kwenye kazi ile mpakaji hana masikio.

Majirani walijaa kwangu kutazama. Waziri akaulizwa kuhusu mafuriko, akajibu kwamba mvua zilikuwepo tangu enzi za babu, viwanda visisingiziwe.

"Si huyu aliyelia kwa Poda?" akauliza fundi viatu.

"Alikuwa na mafua," nikamjibu.

Yakaja matangazo. Hapo mpakaji huingia kufuta jasho, maana taa zile huchoma. Poda akasimama mbele yake, sponji mkononi.

"Mheshimiwa, nyumba yangu unaikumbuka?"

"Nifute, mama, tunarudi hewani."

Akasubiri jibu mpaka matangazo yakaisha, akatoka. Waziri akarudi uso unang'aa kama sufuria mpya, jasho likichuruzika hadi kwenye kola.

"Mvua ya babu imemkuta humo humo," akasema fundi viatu.

Wiki haikuisha Poda akaachishwa kazi. Kingo hazikujengwa, akahamia kwangu, na sasa anapamba mabibi harusi. Nilimuuliza kama anajuta.

"Dada, ningemfutaje, naye hajanijibu?"