Isale la Ndelilio

Kwa Wachagga, ukishapokea jani la isale kutoka mkononi mwa aliyekukosea, umesamehe. Hakuna cha kusema sitaki. Ndiyo maana Elisifa hakulipokea. Kila Krismasi, shemeji yake Ndelilio alipoonekana akiingia kihambani, shamba linalozunguka nyumba, na jani lake, mama huyu alitokea mlango wa nyuma, akapita migombani, akajifanya anakamua. Ng'ombe wa watu alikamuliwa hata asipokuwa na maziwa.

Kisa kilikuwa moto. Zamani Ndelilio alichoma majani kule juu msitu unakoishia, kama baba yake alivyofanya masika yakiisha, ardhi ingali na unyevu, ili kiangazi kisikute kuni. Mwaka huo upepo ulimgeuka. Mizinga ya nyuki ya kaka yake ikashika moto, na kaka mtu, mume wa Elisifa, alipokwenda kuiokoa alirudi na kifua kisichopona. Hakuiona Krismasi.

Basi serikali ilipopiga marufuku kila moto mlimani, hakukuwa na askari mkali kuliko Elisifa. Miaka ikapita, wataalamu wenyewe wakaanza kubishana: hawa wakisema moto ni moto, wale wakisema majani yakirundikana, siku yakiwaka hayazimiki. Mwaka jana ofisi ya misitu ikaleta hoja kijijini, uchomwe ukanda mmoja kwa majaribio, juu ya chemchemi inayolisha mfongo, mfereji unaonywesha mashamba yote. Ndelilio aliunga mkono. Elisifa alisimama akawaambia kwamba wao wanajaribu, yeye alishazika. Kura zilimshinda, na ukanda ukachomwa.

Mwaka huu kiangazi kilipokaza, moto ukaja wenyewe. Elisifa alipanda na wanawake wenzake, ndoo za kiburu vichwani, kuwapelekea chakula wazimaji. Alipofika chemchemini akatua ndoo. Mlima ulikuwa unanguruma. Jua lilikuwa jekundu mchana kweupe, na miti aliyoikuta tangu anaolewa ilikuwa inawaka kuanzia vileleni. Aliogopa kwa namna ambayo mtu humwogopa Mungu tu.

Moto ulishuka mpaka kwenye ukanda ule. Ukapapasa huku, ukapapasa kule, ukakosa cha kula. Ukalala. Nyuma ya Elisifa maji yaliendelea kutiririka kana kwamba hakuna lililotokea, naye akapiga magoti topeni, akalia, hajui kama analia kwa furaha au kwa ajili ya marehemu.

Kesho yake hakungoja Krismasi. Alikata jani, akamfuata Ndelilio zizini, akamtia mkononi. Mzee akashangaa, akaanza kumwambia kwamba yeye hana kinyongo naye, wa kuombwa msamaha si yeye.

"Sikuombi, shemeji," alisema Elisifa. "Hilo nimelikata kaburini kwa kaka yako."

Kisha akakinga mikono yote miwili.

"Sasa nipe."