Barua Yangu Kuhusu Mabati

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi huku Rangwe, nina miaka arobaini na tisa, na muhula mzima nimegombana na mabati. Nikiketi tu ofisini, moto unapanda kifuani hadi shingoni, jasho linalowesha rejista. Naibu wangu aliposema yeye hasikii joto lolote, nilimfokea mbele ya walimu, kisha nikaenda chooni nikalia. Ndipo nikaiandikia bodi barua kali: wekeni dari, au mtafute mwalimu mkuu mwingine.

Bodi ilikuja asubuhi ya mvua. Wote walivaa masweta, na mwenyekiti hakutoa mikono mfukoni. Mimi nilikuwa nimefungua madirisha yote, najipepea kwa nakala ya barua ile ile.

"Mnaona wenyewe!" nikasema. "Hapa panakalika kweli?"

Wakatazama mabati, wakanitazama mimi. Mama Atieno, mjumbe aliyekuwa mkunga miaka mingi, akanisogelea.

"Mwalimu, haya mabati hukusumbua hapa ofisini tu?"

Nikafurahi kumpata mtu wa kunielewa. "Wapi, mama! Hata nyumbani usiku. Na Sabato iliyopita yalinichoma kanisani, na siku hiyo tulisali nje chini ya mti!"

Mama Atieno akainama kuninong'oneza, lakini masikio yake ni mazito, kwa hiyo bodi nzima ilisikia: "Mwanangu, hiyo ni hedhi inakoma. Dari tutaweka, lakini kesho twende kliniki."