Kipimo cha Pili

"Makala yangu ikishika gesi, hata jandarme mwenye bunduki hawezi kuiachisha!" Stanislas alitangaza hivyo mbele ya baa nzima ya mtaa wao wa mjini, komini Kenya, chupa mkononi. Watu wakacheka: laborantin, msaidizi wa maabara ya chuo, amelewa gesi yake mwenyewe.

Hakuwa amelewa sana. Makaa yale, makala kwa lugha ya mtaani, aliyachoma kwa mkono wake, kutokana na maganda ya kokwa za ngazi, zile chikichi, alizotumiwa na mama mkwe toka Kasai kabla reli haijakatika. Kwa macho ni makaa tu, ila yasiyo na moshi, alivyopenda kujisifu. Ndani ni vitundu vitupu, na kwenye baridi kali hidrojeni ikiingia humo inajibandika. Profesa, Mbelgiji bahili hata wa tabasamu, aliahidi kuchapa jina la Stanislas chini ya lake kwenye jarida la sayansi, vipimo viwili vikipatikana. Kipimo kimoja husema makaa yamekunywa gesi kiasi gani. Viwili, kwa baridi mbili tofauti, husema yameishika kwa nguvu gani.

Ikafika Agosti 1961, watu wa Kasai, yeye na mkewe wakiwemo, wakaanza kufukuzwa mitaani, wakikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa.

"Baba Agnès, twende leo," mkewe Kapinga alimwambia. "Majirani bote balishaenda ku kambi ya ONU."

"Kesho, mama. Kwa baridi ya azote, nitrojeni ya maji, nilishapimia, imebaki ya oksijeni ya maji. Inafika kesho."

"Ile oksijeni iko ndugu yako?"

Kesho yake, Jumamosi, Stanislas akakaa maabara peke yake, profesa akiwa amesharudi kwao; amevaa blauzi, joho jeupe la kazi, akisubiri gari la kiwanda cha oksijeni kama bwana harusi aliyekimbiwa. Saa kumi jioni gari halijaja. Akamimina makaa kwenye chupa ndogo, akaitia kwapani, akarudi nyumbani.

Nyumba haikuwa na mlango. Hata bawaba waporaji walibeba.

"Bibi yako alikimbia na mutoto," jirani yake André alisema toka ng'ambo ya ua. "Na sufuria moja. Bingine, bwana, usiulize."

Kuuliza kulikuwa na faida gani? André alikuwa amevaa koti la Stanislas.

Siku ya tatu akawaona kambini, chini ya magunia yaliyoshonwa pamoja. Agnès, miaka minne, alikohoa mpaka mabega yanaruka. Kapinga hakuuliza habari za kipimo. Aliitazama chupa.

"Ile iko makala, ao haiko makala?"

"Iko. Lakini Kapinga, ngazi za kule hatutapata tena. Kama profesa anarudi..."

"Mutoto anatetemeka, Stani."

Stanislas akapiga magoti, akaimwaga yote chini ya sufuria. Ilikataa kushika moto, kisha ikashika, bila moshi hata kidogo, jinsi alivyokuwa akijisifu. Maji yakapata uvuguvugu. Moto ukaisha. Akabaki ameshika chupa tupu, na namba moja, ya kipimo cha kwanza, kwenye karatasi mfukoni.

Asubuhi Agnès alikuwa bado anakohoa. Langoni mwa kambi, kopo la makaa ya kawaida lilikuwa faranga kumi na tano tu.