Fundi wa Mawigi na Marehemu Kit Ransley

Wakazi wote wa mji wa Devizes, Uingereza, wenye mawigi na wenye nywele zao wenyewe, wanatangaziwa kwa majonzi na heshima zote kwamba Bwana Jabez Tuckwell, fundi wa mawigi hapa mtaa wa soko, mume halali wa Dorcas kwa miaka kumi na mmoja, ameporwa mke. Mporaji anajulikana jina, sura, hata rangi ya koti. Kumkamata ndiyo kazi, kwa sababu yumo kitabuni.

Kabla ya msiba huo Jabez alikuwa mtu wa neno moja. Hakimu, kasisi na daktari wote walipitia mikononi mwake, na wote aliwaambia hilohilo: "Usitikisike." Alikuwa na mapengo manne ya juu, kwa hiyo hata hilo lilitoka na upepo. Dorcas alikaa karibu na dirisha, akifunga nywele kwenye nyuzi, moja moja, tangu chakula cha mchana hadi chai. Hakujua kusoma. Jabez alijua, ingawa alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Kisha akaja Bi Hepzibah Grist, mjane wa muuza mishumaa, macho yakiwa yameingia ukungu, na kitabu alichoazima maktaba moja kule mjini Bath. Juzuu nne, kila moja ndogo ya kuingia mfuko wa aproni.

"Tusomee, Bwana Jabez," alisema. "Ni mambo ya kweli haya. Pale mbele pameandikwa: Maisha ya Kit Ransley, kama alivyoyasimulia mwenyewe."

Basi yakawa ya kweli. Sisi watu wa Devizes tunaweza kumshuku mchungaji, lakini kilichopigwa chapa hatukishuku.

Huyo Kit alifukuzwa kwao kwa kuingia kanisani juu ya nguruwe wa mjomba wake. Kufikia ukurasa wa ishirini alikuwa amembusu mkamua maziwa. Kufikia wa arobaini alikuwa ameruka dirisha la nyumba ya wageni na kuacha suruali. Kufikia wa sitini alikuwa ameapa, mbele ya nyota zote, kwamba moyo wake ni wa binti mmoja tu, Lucinda, kisha akarudi kwa mkamua maziwa kumuaga vizuri.

Mikono ya Dorcas ikasimama. Jabez aliona. Mikono ile haikusimama hata siku bomba la moshi liliposhika moto.

"Bila suruali?" Dorcas aliuliza. "Na baridi yote hiyo?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Maskini Kit!"

 Mwaka juzi Jabez alitembea kwenye theluji kutoka Salisbury na mzigo wa nywele mgongoni, na mlangoni mkewe aliuliza kama nywele zimelowa.

Hata hivyo, hakuacha kusoma. Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna. Saa ile ya alasiri ndiyo pekee ambayo Dorcas aliinua macho kutoka kwenye nyuzi na kumtazama usoni, na hakuwa tayari kuipoteza. Ila aliyekuwa akitazamwa hakuwa yeye. Alikuwa kama mtu anayebeba barua za mapenzi za mwenzake, tena anazisoma kwa sauti.

Akaanza kukidokoa kitabu kidogokidogo. Palipoandikwa kwamba Kit ana macho ya buluu, yeye alisoma macho yenye tongotongo.

"Tongotongo!" Dorcas akaugua. "Ndiyo kukosa mtu wa kumtunza."

Akampunguza kimo. Akamtoa meno mawili. Wanawake wakazidi kumhurumia. Mwishoni Jabez akapenyeza mtu wake: Bwana Gabriel, fundi wa mawigi, mpole, meno yote kinywani, miguu imejaa vizuri ndani ya soksi, anayempenda Lucinda kimyakimya.

"Huyu naye katokea wapi?" Bi Hepzibah aliuliza.

"Ukurasa wa tisini."

"Anachosha," alisema Dorcas. "Mruke."

Mruke! Na atamrukaje mtu ambaye hakuandikwa? Jabez akajifanya kuruka kurasa mbili, masikio yakiwaka, akarudi kwa Kit.

Ndipo, mwisho wa juzuu ya tatu, pale ambapo kitabu chenyewe kilisema kijana ameketi mezani kula, Jabez akamuua. Kwa pai ya samaki mkunga iliyooza. Alimpa nusu ukurasa wa kugaagaa kwa maumivu na hakumpa neno la mwisho.

Kesho yake Dorcas alishuka ngazi na utepe mweusi shingoni.

"Wa nini huo?"

"Wa Kit."

"Mimi nilipolala wiki sita na homa ya matumbo hukuvaa hata uzi!"

"Hukufa, Jabez."

Hapo ndipo mwanamume alipotambua kwamba marehemu hana kasoro, hanuki miguu, na hawezi kuuawa mara ya pili. Jumatano Bi Hepzibah akaingia akihema, ameshika juzuu ya nne.

"Shoga, hebu niambie. Mtu amekufa, kurasa zote hizi ni za nini?"

"Yu hai!" Dorcas akapiga kelele.

"Ni mahubiri ya maziko," Jabez akasema.

"Kurasa mia mbili na hamsini?"

"Dhambi zake zilikuwa nyingi."

"Tutayasikiliza kesho," alisema Dorcas, na alimtazama mumewe jinsi anavyotazama nywele za farasi zinazouzwa kama za binadamu.

Alhamisi ni siku ya tanuri. Nywele husokotwa kwenye vijiti vya udongo, huchemshwa, hukaushwa, kisha hufunikwa kwa donge la unga na kuokwa kwa mwokaji mikate ili mawimbi yashike. Asubuhi hiyo Jabez aliandaa donge la wigi la hakimu, na katikati yake akazika juzuu ya nne aliyoiacha Bi Hepzibah. Iteketee, iwe jivu. Dorcas akalibeba mwenyewe hadi ng'ambo ya barabara, kwa Barnabas Pook, mwokaji mwenye sauti kama kengele na kinywa kisicho na pengo.

Jabez, aliyefanya kazi hiyo tangu ujana, alisahau jambo moja, maana wivu ulimtoa akili: ule unga huwekwa ili kilichomo kisiungue.

Saa sita Pook alilipasua donge mbele ya foleni ya wanunuzi. Nywele zikatoka na mawimbi mazuri ajabu. Kitabu nacho kikatoka na mawimbi, kurasa zimejikunja kama kichwa cha hakimu, na kila herufi inasomeka.

"Mama Tuckwell, siku hizi mnavivisha mawigi hata vitabu?"

"Nisomee mwisho," alisema Dorcas.

Pook akasoma, akivuma. Kit amemwoa Lucinda. Wana watoto saba na nguruwe mmoja.

"Na ile pai?"

"Pai gani?"

"Na Bwana Gabriel, fundi wa mawigi?"

Pook akapekua. "Humu mna askofu, mna mbwa. Hamna Gabriel, mama. Lakini ukipenda, njoo kila Alhamisi nikusomee toka mwanzo."

Foleni ikacheka. Jabez, aliyekuwa dirishani kwake, aliisikia ile sauti ya kengele na kile kicheko. Kit angalau alikuwa wa karatasi. Huyu Pook alikuwa na mikono.

Dorcas alirudi na Bi Hepzibah nyuma yake. Akaweka wigi. Akaweka kitabu mapajani mwa mumewe. Bado kilikuwa cha moto.

"Pook kasema atanisomea."

Jabez aliinamia kitabu, akaanza kukunjua kurasa.

"Nimemwambia anasoma kama anatangaza mikate." Akaketi mahali pake, akavuta nyuzi. "Soma wewe. Kit muache aishi. Na yule Gabriel wako mrudishe."

"Ulisema anachosha."

"Nimemfikiria njia nzima. Mpole. Meno yote. Na ile miguu ndani ya soksi..." Mikono ya Dorcas ikasimama, macho yakaenda mbali nje ya dirisha. "Hivi, Jabez, Gabriel yuko wapi sasa?"

Jabez alizitazama soksi zake mwenyewe zilizolegea. Akavaa miwani, akaufungua ukurasa wa kwanza.

"Na yeye aliila ile pai."